Kereng'ende Harudi Nyuma

Mokuemon alikuwa barazani akijikanda magoti alipomwona mkwewe, Isaku, akitoka langoni, akisimama ghafla kama aliyekumbuka kitu, kisha badala ya kugeuka akakata kushoto na kuanza kuuzunguka ua wote. Tane, binti wa mzee, alikuwa amesimama mlangoni na tumbo lake kubwa, mkononi ameshika kifurushi cha vitonge vya wali ambacho mumewe amekisahau.

"Baba, muone mwenyewe," alisema. "Nimemwambia anyooshe mkono tu nimpe. Hata hatua tatu hazifiki."

"Akasemaje?"

"Eti hatua tatu za kurudi nyuma ni kurudi nyuma."

"Sasa anakwenda wapi?"

"Anazunguka. Atapita kwa jirani, atapita kwenye mianzi, atapita nyuma ya choo, halafu aingie langoni upya kama mgeni. Jana alisahau upanga. Juzi alisahau mshipi, akazunguka huku suruali kaishika mkononi, na mama jirani akamwona. Baba, mimi nitachekwa na kijiji hiki mpaka nife."

Mokuemon alichukua tena chupa ya mafuta. Alimwaga mafuta mengine kwenye goti la kulia, lile linalouma zaidi, akalisugua kwa hasira. Yote haya ni kwa sababu ya mdudu.

Mdudu mwenyewe alikuwa kereng'ende mweusi katikati ya kitambaa cheupe, mabawa yametandazwa, kichwa juu. Ndiye alama ya ukoo wa Kashio tangu enzi ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka. Walimwita mdudu wa ushindi kwa kuwa anaruka kwenda mbele tu, hajui kurudi nyuma, na askari wengine walimchora hata kwenye kofia zao za chuma. Mokuemon alikuwa msimamizi wa bendera hiyo kwa muda mrefu kuliko umri wa mkwewe. Hakuwa na ugomvi na kereng'ende. Ugomvi wake ulikuwa na watu waliomgeuza kereng'ende kuwa sheria.

Bwana wa zamani wa ukoo alikuwa mtu wa akili. Alikuwa na mfuko wa katani wa kutilia bendera, mrefu, umechakaa, una viraka. Vita vikienda mrama alikuwa anasema neno moja tu: "Mlazeni." Hapo bendera inashushwa, inakunjwa, inatiwa mfukoni. Bendera ikiwa mfukoni imelala, na aliyelala haendi mbele wala nyuma, anabebwa tu. Kwa utaratibu huo jeshi la Kashio lilikimbia vita mara nyingi sana, likafika nyumbani salama, likala, likaoga, na kereng'ende akawa hajarudi nyuma hata siku moja. Kila mtu alijua na hakuna aliyeona ajabu. Wake zao walikuwa na waume kwa sababu ya mfuko ule.

Kisha bwana huyo akafa wakati wa theluji, na mwanawe Norikata akashika nafasi. Kijana alikuwa amelelewa kwenye hekalu la milimani, amesoma sana, na hakuwahi kuona vita ila kwenye picha za kuchora. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuuweka mfuko ule juu ya makaa mbele ya makapteni wote.

"Kereng'ende halali," alisema.

Akatoa amri. Bendera isishushwe machoni pa adui. Isirudishwe nyuma hata hatua moja. Ikirudi, aliyeibeba atalipa kwa roho yake. Makapteni waliinama mpaka vipaji vya nyuso vikagusa mikeka, wakasema hilo ni neno kubwa, ni neno linalomfaa mtoto wa baba yake. Mokuemon naye aliinama, maana angefanya nini. Pua yake ilijaa harufu ya katani inayoungua, na moyoni alikuwa anamtukana kila mtu mle ndani, mmoja baada ya mwingine, kwa majina.

Halafu bwana mpya akachagua mbebaji. Alitazama safu ya vijana, akamchagua aliye mrefu kuliko wote, mwenye mikono inayoweza kushika mwanzi wa bendera kwenye upepo bila kutikisika. Akamchagua Isaku. Isaku alilia kwa furaha. Tane alipoambiwa alilia pia, na hapakuwa na furaha yoyote katika kilio chake.

"Baba, wewe ndiye msimamizi," alimwambia usiku ule. "Mtoe."

"Amechaguliwa na bwana."

"Basi mtoe akili hizo. Huyu ukimwambia simama kwenye moto kwa heshima ya ukoo, anauliza asimame kwa mguu gani."

Mokuemon alimwahidi kwamba mumewe atarudi nyumbani. Alisema hivyo ili binti yake alale, lakini alipokwisha kusema, neno likamkaa kifuani.

Vita vilikuja wakati mashamba ya mpunga yamejazwa maji. Ukoo wa Nagawa ulitaka kivuko cha mto, na Norikata akasema hawatakipata. Akapanga jeshi lake juu ya kilima kifupi, bendera katikati, yeye juu ya farasi kando ya bendera, kama inavyotakiwa. Mahali pa bendera ni ubavuni pa bwana. Anayetaka kujua bwana yuko wapi anatafuta kereng'ende kwa macho, na akimwona anajua kichwa cha ukoo bado kipo.

Mpaka mchana mambo yalikwenda vizuri. Kisha watu wa Nagawa wakachomoza kutoka msitu wa misonobari upande wa kushoto, ambako makapteni wote waliapa kwamba hakupitiki, na ubavu mzima wa jeshi ukavunjika. Mokuemon aligeuka amuulize bwana wake amri ni ipi. Aliona mkia wa farasi. Ulikuwa tayari umefika chini ya kilima upande wa nyuma, unakwenda kasi sana, na walinzi wanaufuata mguu niponye.

Mzee alikaa akiutazama mkia ule kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Hakushangaa. Alichoka tu, uchovu wa ghafla uliomwingia mpaka kwenye meno.

"Isaku," alisema. "Tunaondoka."

"Hapana, Baba."

"Bwana ameondoka."

"Sikumwona akiondoka. Nilikuwa naangalia mbele."

"Basi geuka umwangalie."

"Siwezi kugeuka, Baba. Nimeshika bendera."

Mokuemon alikwenda akasimama mbele yake, ili angalau amtazame usoni. "Unawaona wale wanaopanda huku?"

"Nawaona."

"Wana mikuki."

"Naiona."

"Tane anakaribia kujifungua."

Isaku aliukaza mwanzi mikononi. "Mwambie sikurudi nyuma."

"Mwambie mwenyewe, mimi si tarishi wako. Isaku, nisikilize. Umewahi kukaa kando ya shamba la mpunga ukamtazama kereng'ende? Mimi nimewatazama toka utoto. Ni kweli, harudi nyuma. Lakini akimwona mbayuwayu anakuja anageuka, anakwenda zake. Anageuka. Unadhani kwa nini mpaka leo wapo?"

Isaku alifikiri. Huyo ndiye mkwe aliyempata: mishale imeshaanza kuchomeka kwenye majani pembeni yao, na yeye anafikiri. "Yule ni kereng'ende wa shambani, Baba," alisema mwishowe. "Huyu ni wa ukoo."

Hapo subira ya mzee iliisha. Alichomoa kisu chake kifupi, akaukumbatia mwanzi, akauinamisha kwa uzito wake wote mpaka Isaku akayumba, akakata kamba moja baada ya nyingine. Kitambaa kikamwangukia kichwani. Alikivuta, akajizungushia kiunoni, akafunga fundo.

"Haya," alisema. "Kaa na mwanzi wako. Bendera inakwenda nyumbani."

Akaanza kuteremka kilima kwa magoti yake mabovu. Nyuma yake alisikia Isaku akiita, akipiga kelele, kisha akisikika karibu zaidi. Mokuemon alikuwa amelijua hilo. Mbebaji haruhusiwi kuiacha bendera, na bendera ilikuwa inaondoka.

"Baba, umeiba bendera."

"Ndiyo. Nifuate unikamate."

"Baba, irudishe."

"Nirudi nyuma? Mimi? Mwiko huo."

Waligombana hivyo mpaka chini, na kwenye mashamba yenye maji wakagombana tena, huku matope yanawafika mapajani. Mzee alipoanguka mara ya pili na kushindwa kuinuka, Isaku alisimama juu yake analia kwa hasira, kisha akamtupa mgongoni kama gunia la mchele akakimbia. Nyuma yao watu wa Nagawa waliacha kufukuza. Walisimama kwenye ukingo wa shamba wanacheka, wanaelekezana kwa mikuki, kwa sababu bendera kuu ya ukoo wa Kashio ilikuwa inapepea kwenye makalio ya babu.

Ilikuwa afadhali mishale. Kicheko kile kilifika nyumbani kabla yao.

Baada ya siku chache Norikata aliwaita ukumbini. Makapteni walikaa safu mbili, macho kwenye mikeka. Wote walikuwa wamekimbia siku ile, na kila mmoja alikuwa anaomba lisitajwe jina lake. Bwana alikaa juu, amepungua uso, amevaa vizuri mno. Hakuwa mtu mkatili. Hilo ndilo lililomtia Mokuemon kinyaa zaidi: alikuwa kijana mwenye aibu anayetafuta pa kuitua.

"Kule kivukoni watu wa Nagawa wanaimba," alisema. "Mmesikia wanaimba nini?"

Wote walikuwa wamesikia.

"Wanaimba kwamba kereng'ende wa Kashio anaruka kinyumenyume. Nani aliirudisha bendera?"

"Mimi, Bwana," alisema Isaku. "Nilikuwa nayo mikononi, nikaiacha ikatoka."

"Anasema uongo," alisema Mokuemon. "Mimi ndiye niliyekata kamba. Ilirudi kiunoni mwangu. Huyu alikuwa ananifuata anapiga kelele."

"Nilikuwa mbebaji, Bwana."

"Nyamaza, Isaku."

"Lakini Baba, mimi ndiye niliyekuwa mbebaji."

Norikata aliinua mkono. "Amri yangu ilimtaja anayeibeba. Isaku atajiua kwa heshima, atajikata tumbo kesho asubuhi. Mkewe na mtoto wake watatunzwa na ukoo. Jina lake litasafishwa."

Isaku aliinama. Alipoinua kichwa Mokuemon alimtazama usoni na akaona kitu ambacho hakukitarajia, ingawa angepaswa kukitarajia. Kijana alikuwa amefurahi. Aling'aa. Tangu siku ile kilimani alikuwa hali, halali, anaona haya kumtazama hata mkewe, na sasa ameonyeshwa mlango wa kutokea, naye yuko tayari kuupita kifua mbele. Tane amekaa nyumbani anashona nepi, na mumewe hapa anang'aa.

Basi damu ikampanda mzee mpaka masikioni.

"Bwana, nina swali," alisema.

"Sema, Mzee Mokuemon."

"Mahali pa bendera ni wapi?"

"Unajua mwenyewe."

"Najua. Ni ubavuni pa bwana. Nimefanya kazi hii kwa baba yako, nimeifanya kwako, na amri hiyo haijafutwa na mtu. Siku ile mimi ni msimamizi, nimegeuka ubavuni pangu, bwana hayupo. Nikamtafuta. Nikamwona mbali sana, juu ya farasi mzuri, anakwenda kasi. Nikasema bendera imeachwa, lazima imfikie. Tukamfuata, mimi na huyu, kwenye matope. Tulipofika hapa, bwana alikuwa ameshaoga."

Kapteni mmoja alikuwa ameinama kiasi kwamba ungedhani anatafuta sindano kwenye mkeka.

"Kwa hiyo nauliza tu, Bwana, nipate kuelewa kazi yangu. Kule ulikokuwa ni mbele au ni nyuma? Ukisema ni nyuma, basi bendera ilirudi nyuma, na sote tuliorudi nyuma siku ile tuiname hapa pamoja, tulipe, tuanzie juu kabisa. Ukisema ni mbele, kereng'ende alikwenda mbele, na huyu kijana hana kosa la kulipia. Mimi ni mzee, sijasoma. Niambie ni wapi."

Norikata aliiva uso, kisha akapauka. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, na Mokuemon aliona vidole vikikunja nguo. Alisubiri aitiwe mtu mwenye upanga. Alikuwa tayari, kwa kweli alikuwa amechoka kiasi cha kuwa tayari. Alitaka tu neno moja litoke kwanza.

"Mbele," alisema Norikata. "Palikuwa mbele. Bwana anapokuwa ndipo mbele."

Makapteni waliinama wote kwa pamoja, haraka, kama watu waliofunguliwa kamba. Mmoja wao hata alisema hilo ni neno kubwa.

"Isaku hana kosa," alisema bwana. "Lakini hatabeba bendera tena." Alimgeukia mzee, na safari hii alimtazama sawasawa, bila aibu. Huenda siku hiyo alijifunza kutawala. "Na wewe, Mzee Mokuemon, kwa kuwa unapajua mahali pa bendera kuliko sisi wote, utaibeba wewe. Vita vijavyo na vyote vitakavyofuata. Ikae ubavuni pangu. Ikibaki nyuma yangu hata hatua moja, aliyeibeba atalipa."

Mokuemon alimwelewa barabara. Yeye atakuwa kwa miguu, na bwana juu ya farasi.

"Nashukuru, Bwana," alisema, akainama. Goti la kulia lilimuuma sana aliposimama.

Njiani Isaku alitembea ameinamisha kichwa mpaka walipovuka daraja. Kisha akasimama katikati ya barabara, machozi yanamtoka.

"Baba, ilikuwa yangu. Kifo kile kilikuwa changu, umenipokonya."

"Sawa."

"Ningekufa vizuri."

"Najua ungekufa vizuri, hakuna aliyetia shaka. Wewe kufa unakuweza. Hujui kuishi tu, na hilo ndilo linalotuchosha nyumbani."

Isaku alijipangusa uso kwa kiganja. "Hutaweza kuubeba ule mwanzi. Hutaweza kwenda na farasi. Nitakuja nawe. Nitakaa nyuma yako, magoti yakikushinda nitaushika mimi."

Mzee alimtazama. Alikuwa ametoa kila alichokuwa nacho ili kumtoa mtu huyu uwanjani, na mtu mwenyewe anarudi kwa miguu yake. Alitaka kumpiga. Alitaka pia kumkumbatia, na hilo lilimkera kuliko lile la kwanza.

"Hutakuja," alisema. "Apa."

"Nini?"

"Apa kwamba siku hiyo utabaki kijijini na mkeo na mtoto wako, hata usikie nini kuhusu mimi. Apa kwa kereng'ende."

Isaku alimkazia macho. Alikuwa ameelewa, pole pole kama kawaida yake, lakini ameelewa mpaka chini kabisa. Mtu mwingine angeapa akavunja siku hiyohiyo. Yeye hakuwa na uwezo huo.

"Usinifanyie hivi, Baba."

"Apa, Isaku."

"Nitakuwa mwanamume gani, mimi nimekaa jikoni na wewe uko kule?"

"Aliye hai. Apa."

Mkokoteni wa kuni ulipita, mwenye ng'ombe akawasalimia. Ulipotoweka kwenye kona Isaku aliapa. Alisema maneno yote, moja moja, kwa sauti ya chini, na alipomaliza alimtazama mzee kwa macho ambayo Mokuemon hakuwahi kuyaona kwake. Yalikuwa macho ya chuki. Mzee aliyapokea akashukuru, kwa kuwa sasa alikuwa na uhakika.

Kisha Isaku akatangulia. Alikwenda kwa hatua ndefu kuelekea nyumbani, wala hakumngoja. Mokuemon alichechemea nyuma yake, akiutazama ule mgongo mpana ukizidi kuwa mdogo barabarani, na hakumwita.